William Onyeabor wa Enugu na Nyimbo Zake za Vinanda vya Umeme

Wanamuziki wengi wa Afrika Magharibi walipata sifa zao jukwaani, mbele ya watu. William Onyeabor alipata zake ndani ya nyumba. Kati ya mwaka 1977 na mwaka 1985 alitoa santuri kubwa nane katika mji wa Enugu, mashariki ya Nijeria, zote chini ya kampuni yake mwenyewe. Kisha akaacha. Akaokoka, akageuza uso wake kwa dini na biashara, na tangu hapo kila aliyemwendea kumwuliza habari za nyimbo hizo alipewa habari za Mungu badala yake.

Enugu ni mji uliozaliwa na makaa ya mawe. Mwaka 1967 ulifanywa makao makuu ya Biafra, na kabla ya mwaka huo kwisha ulikuwa umekwisha kutekwa na majeshi ya serikali ya Nijeria. Vita vilipokoma Januari 1970, Waigbo wengi waliokuwa na akiba katika mabenki waliambulia paundi 20 tu kila mtu, haba au nyingi iliyokuwa akiba yake. Onyeabor, aliyezaliwa mwaka 1946, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika siku hizo. Muziki wake basi ulitokea katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya kwa mikono yake, wakati fedha za mafuta zikianza kumiminika Nijeria nzima. Haitoshi kusema kwamba alipenda mashine. Yapasa kukumbuka pia kuwa aliishi mahali ambapo mtu alikwisha kujifunza kutotegemea kitu kisichokuwa mkononi mwake.

Kampuni yake aliiita Wilfilms, jina linaloonyesha kuwa tangu awali alikuwa na filamu moyoni. Alikuwa na chumba chake cha kurekodia, na kiwanda chake cha kupigia chapa santuri. Maneno aliyatunga yeye, vinanda akavipiga yeye, sauti akaitoa yeye, na bei akaipanga yeye. Katika biashara ya muziki mambo haya hugawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja hutoa mkono kupokea sehemu yake. Mtunzi, aliye wa kwanza katika kazi, mara nyingi huwa wa mwisho katika malipo. Onyeabor aliikata minyororo hiyo yote kwa mara moja. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Kwa kuwa hapakuwa na kampuni kubwa ya kuzisambaza, santuri hizo hazikuenea mbali, na baadaye zikawa adimu hata wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakazinunua kwa bei kubwa sana.

Ala alizozitumia zataka maelezo kidogo. Kinanda cha aina hii, kiitwacho sinthesaiza, hakina nyuzi za kugongwa wala mianzi ya kupulizwa. Umeme hutikiswa ndani yake kwa kasi mbalimbali, na mtikiso huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti katika kipaza sauti. Kasi ikizidi, sauti huwa nyembamba. Ikipungua, huwa nene. Mpigaji aweza kuichuja, kuikata au kuirefusha apendavyo, hata isifanane na kitu chochote kilichopata kusikiwa msituni au mjini. Pamoja na hicho iko mashine ya kupiga ngoma, isiyochoka wala kukosea.

Katika kutokosea huko ndimo ilimo hatari, kwa maana ngoma isiyokosea huchosha upesi. Onyeabor aliishinda hatari hii kwa jambo la kale kabisa, yaani mwimbishaji na waitikiaji. Yeye hutoa neno kwa sauti tulivu, karibu sawa na mtu anayezungumza barazani. Wanawake humwitikia kwa kiitikio kifupi. Kinanda nacho hujibu kama kwamba ni mwitikiaji wa tatu. Nyimbo huendelea hivyo kwa muda mrefu, nyingine dakika nane au tisa na zaidi, na msikilizaji asiyekuwa na haraka hugundua kuwa hazirudii mahali pamoja hata kidogo. Mtu wa pwani aliyewahi kukesha ngomani hana haja ya kufundishwa jambo hili.

Lugha aliyoimbia ni Kiingereza chepesi, ilhali waimbaji mashuhuri wa Kiigbo wa zama zake, kama Osita Osadebe, walishika zaidi lugha yao. Maneno yake ni machache. Kwa aliyezoea vina na mizani ya mashairi ya Kiswahili yaweza kuonekana makavu, na baadhi ya nyimbo za mapenzi ni kavu kweli. Nguvu zake zimo katika nyimbo za maonyo. “Good Name” wafuata njia ya Mithali za Sulemani, kwamba jina jema lapita fedha na dhahabu. “When the Going Is Smooth and Good” wasimulia marafiki wanaojaa wakati wa neema na kutoweka wakati wa shida. Mswahili huyasema yote hayo kwa maneno matano, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika “Better Change Your Mind”, uliotoka katika santuri ya mwaka 1978, ayaita mataifa makubwa kwa majina, Marekani na Urusi yakiwamo, akiyauliza kama yanadhani dunia ni mali yao. Swali hilo aliliuliza mtu wa Enugu, aliyekwisha kuona vita mlangoni pake, na aliliuliza bila ya kupandisha sauti.

Santuri ya mwisho, “Anything You Sow”, ilitoka mwaka 1985. Baada ya hapo alijulikana kwa kinu chake cha kusaga unga kuliko kwa vinanda. Kimya chake kilizaa uvumi: huyu alisema alisomea filamu katika Urusi, yule alisema sheria huko Uingereza. Kampuni ya Luaka Bop ya New York ilipoazimia kuzitoa nyimbo zake upya, mazungumzo yalichukua miaka kadhaa. Ruhusa alitoa, maelezo hakutoa. Kwa hiyo mkusanyo uliotoka mwaka 2013 ulipewa jina la swali, “Who Is William Onyeabor?”

Mwaka 2014 wanamuziki wengi, miongoni mwao David Byrne na Damon Albarn, walikusanyika kuziimba nyimbo hizo London na New York chini ya uongozi wa Ahmed Gallab, mwenye asili ya Sudan. Majumba yalijaa. Mwenye nyimbo hakuwako. Alikuwa Enugu, katika jumba lake. Hapo ndipo wengi walipomlaumu kwa kuwanyima watu haki ya kumjua. Lawama hiyo ni dhaifu. Aliyenunua santuri alinunua wimbo, na wimbo aliupata wote. Mwishoni mwa mwaka huo huo alikubali kuzungumza na redio ya BBC. Alifariki Enugu tarehe 16 Januari 2017, akiwa na umri wa miaka 70.