Unauza baiskeli za resi mtandaoni? Pima miguu ya mteja kabla hujatuma mzigo

Mteja yuko Kerege, wewe uko Bagamoyo mjini. Kaona picha, kaipenda, kalipia, umeituma. Jioni simu inaita: "Kaka, hii baiskeli mbona nikisimama bomba linanibana?" Nauli ya kurudisha ni juu yako, faida imekwisha. Mimi yalinikuta mara mbili ndio nikashika akili.

Tatizo linaanzia kwetu wauzaji. Mteja anauliza "ni namba ngapi?" tunajibu 28, kana kwamba tunauza Phoenix. Hiyo ni namba ya tairi. Baiskeli za resi za watu wazima karibu zote tairi ni 700C. Kinachotofautiana ni fremu, na inapimwa kwa sentimita: 50, 52, 54, 56 na kuendelea.

Usimuulize urefu peke yake. Watu wawili wanaweza kuwa na sentimita 172 wote, mmoja miguu yake 76, mwenzake 82. Mwambie avue viatu, aegemee ukuta, abane kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, akipandishe mpaka kigote juu kama anavyokalia siti. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.67. Wa 76 anapata kama 51, wa 82 anapata 55. Urefu mmoja, baiskeli mbili tofauti kabisa! Ila hiyo ni namba ya kuanzia, siyo msahafu.

Sasa upande wako. Weka futi katikati ya ekseli ya pedeli, ifuate bomba la siti hadi bomba linapoishia (siyo hadi kwenye siti, wengi tunakosea hapo). Piga picha futi ikiwa palepale, mteja aone mwenyewe.

Kuna mtego. Fremu nyingi za siku hizi bomba la juu linateremka kuelekea siti. Giant waliupa nguvu mtindo huu miaka ya 1990 na TCR yao, na zao utakuta zimeandikwa S, M, L. Hizo ukipima bomba la siti utapata namba ndogo ikudanganye. Pima kwa usawa, kutoka juu ya bomba la mbele, chini ya usukani, hadi kwenye nguzo ya siti, futi isiiname. Fremu ya 54 hapo huwa inacheza kwenye 54 au 55.

Mwenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu mpe fremu inayofuata miguu, kisha fundi ambadilishie shingo ya usukani aweke ndefu kidogo. Akiwa katikati ya saizi mbili, mimi nampa ndogo. Siti inapandishwa, mradi alama ya mwisho kwenye nguzo isitokeze nje. Fremu kubwa haipunguzwi.

Akija kuchukua mwenyewe, asimame bomba likiwa katikati ya miguu. Ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5, na kwenye zile za kuteremka huwa zaidi.

Tangazo langu siku hizi linasomeka hivi: "Fremu 54, bomba la juu kwa usawa sm 54.5, inamfaa mwenye miguu sm 79 mpaka 82. Tuma kipimo chako kabla ya kulipia." Wa 76 akiitaka hiyohiyo, namwambia asubiri mzigo mwingine.