Spana yenye jina kubwa inadumu kweli?

Mwaka jana nilinunua spana namba 13 ya bei poa ili nifungue pampu ya maji nyumbani. Nati ya kwanza tu, mdomo wa spana ukapanuka na nati ikalika pembe zote. Tukaishia kukata bolti kwa msumeno, siku mbili hatuna maji. Fundi akanicheka: "Si ungenunua orijino!" Sawa, lakini orijino ni nini hasa?

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma chenye kaboni ya kutosha ukikipasha moto hadi kiwe chekundu, kisha ukakizamisha ghafla kwenye mafuta, kinakuwa kigumu sana ila kinavunjika kama kioo. Ndiyo maana kiwandani hupashwa tena, safari hii kwa moto mdogo, kilegee kiasi. Patasi huachwa ngumu, karibu 60 kwenye kipimo cha Rockwell C, ili ishike makali. Spana hushushwa hadi 40 na kitu, maana ikiwa ngumu kama patasi inaweza kukupasukia mkononi. Sasa yale maandishi "Chrome Vanadium" yanakuambia kilichochanganywa kwenye chuma, kama ni ya kweli. Kuhusu moto hayasemi kitu, na ubora mwingi uko kwenye moto.

Na jina? Chukua Craftsman ya Marekani. Sears ilianza kulitumia 1927, lakini vifaa vilitengenezwa na viwanda vya watu wengine, na 2017 likanunuliwa na Stanley Black & Decker. Kilicholipa sifa ni dhamana ya maisha: ikivunjika, unabadilishiwa. Nzuri, kama duka lenyewe liko mtaani kwako. Ukiwa Kilosa, sidhani.

Kipimo cha uhakika zaidi ni tupa, ambayo yenyewe ni ngumu kupita spana. Kwangua taratibu sehemu isiyofanya kazi. Ikila kirahisi kama inakula msumari, hicho ni chuma laini. Spana nzuri inaliwa, ila kwa kubisha. Angalia tu usidanganyike na kromu ya juu inayong'aa: nayo ni ngumu, tupa itateleza mpaka itoboke.

Muuzaji hatakuruhusu ukwangue spana mpya, na ana haki. Kwa hiyo usibebe seti nzima; nunua moja, kaijaribu nyumbani. Na ukiwa bado dukani, omba nati mpya uivalishe: ikichezacheza mdomoni, rudisha.