Altezza ya Kimandolu na mtaji wa nyanya

UKISIMAMA Kimandolu kando ya barabara ya Moshi jioni ya Jumamosi, utasikia gari kabla hujaliona. Linakuja limeshushwa hadi karibu na lami, rimu pana, sailensa imeondolewa. Mara nyingi ni Toyota Altezza au Mark II, na kwa mwenye uwezo zaidi ni Subaru Impreza ya turbo.

Wazee wengi huona fujo tu. Lakini mwenye gari hilo huenda anauza nyanya Kilombero, au ni mtoto wa mkulima wa Tengeru, na fedha alizotia humo zimetoka shambani au sokoni. Hapo jambo linakuwa la biashara, na linastahili daftari kama biashara nyingine.

Mapenzi haya hayakuanza jana. Mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Subaru Impreza ilizishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiwa mikononi mwa Richard Burns. Altezza ilikuja kwa njia ya mtumba. Ilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Injini zake ni za lita 2: ile ya silinda 6 hutoa nguvu za farasi kama 160, na ile ya silinda 4 yenye gia za manyuo hufikia 210.

Hizo ni nguvu za gari jipya, tena likiwa usawa wa bahari. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo Altezza ya farasi 160 ikifika Kimandolu hubaki na farasi 138 hivi, hata kama haina kasoro yoyote. Mkulima aliyewahi kuhamisha pampu ya petroli kutoka bondeni kwenda miteremko ya Olkokola anaijua hali hiyo: mashine ni ileile, maji yamepungua.

Bomba pana na filta ya hewa ya wazi huongeza farasi wachache tu. Mlima umechukua zaidi ya kile ambacho bomba linaweza kurudisha. Kinachoongezeka kwa uhakika ni kelele, na ng'ombe wa maziwa wa jirani hawana la kusema.

Turbo ni habari nyingine. Husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, ndiyo maana Subaru haisumbuliwi sana na kimo. Lakini ukiongeza msukumo huo bila kurekebisha kiasi cha petroli na muda wa kuwasha cheche, au ukitumia petroli hafifu, injini itaanza kugonga. Baada ya hapo ni gasketi kuungua au pistoni kupasuka. Fundi mzuri hupima kompresheni ya kila silinda kwanza, ndipo azungumze habari ya kuongeza nguvu. Anayeanza kwa kukuuzia kifaa, mkimbie.

Sasa mahesabu. Tuseme kijana ana mtaji wa shilingi milioni 2. Hununua nyanya soko la Tengeru na kuziuza mjini, na kila wiki, baada ya kutoa gharama zote, hubaki na shilingi 100,000. Akichomoa milioni 1 kununua rimu na springi fupi, mtaji umebaki nusu. Faida nayo, bei zikiwa zilezile, inashuka hadi 50,000. Baada ya wiki 20 atakuwa amekosa milioni nyingine. Rimu za milioni 1 zimemgharimu milioni 2, na bado hazijakutana na mashimo ya barabara za mitaani wakati wa masika.

Akiamua badala yake kutenga shilingi 25,000 kutoka kwenye faida ya kila wiki, atafikisha milioni hiyohiyo baada ya wiki 40 na mtaji wake haujaguswa. Ni polepole, ndiyo. Lakini gari la starehe halina msimu wa kupanda unaoweza kumpita.

Hata hiyo milioni isianzie kwenye rimu. Altezza iliyo mpya kuliko zote imetimiza miaka 20. Mipira ya rejeta imekauka, bushi zimelegea, breki zimechoka. Tairi nzuri, pedi na diski za breki, shokapu na rejeta safi hubadilisha mwendo wa gari kuliko spoila yoyote. Gari linalokimbia zaidi ya linavyoweza kusimama ni hatari kwa mama anayevuka na kapu la ndizi, na sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Anayetaka kujua gari lake linafika wapi aende kwenye mashindano rasmi, ambako barabara hufungwa.

Yako pia makaratasi. Ukibadilisha injini au rangi, taarifa hizo zinapaswa kurekebishwa TRA ili kadi ilingane na gari. Mwenye bima kubwa aieleze kampuni yake mabadiliko aliyofanya, maana aliyenyamaza anaweza kukataliwa madai siku ya ajali.

Na springi za zamani, bomba la kiwandani na sailensa yake visitupwe. Siku ya kuuza gari, wanunuzi wengi hulitaka lilivyotoka Japani. Mwenye vifaa hivyo stoo huvirudisha kwa siku moja, kisha huuza rimu na springi fupi peke yake kwa kijana mwingine. Asiyevitunza atakuta vimekwishapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.