Siku tatu pwani ya Mweru

Sisi watu wa Lubumbashi hatuna bahari. Mtoto wa hapa akisikia neno pwani hafikiri jahazi wala minazi. Hufikiri Kasenga, Kilwa na Pweto, miji ya mto Luapula na ziwa Mweru, ambako samaki wetu wametoka tangu siku za babu zetu. Na msomaji aliye Tanzania asije akachanganya: Kilwa ninayoisema si Kilwa Kisiwani ya masultani, bali mji wetu mdogo kando ya ziwa, wenye jina lile lile. Mimi nilizaliwa Kasenga, nikakua kati ya Kasenga na Kilwa, nikaja mjini mwaka 1974 kutafuta kazi, na tangu hapo nilirudi mara mbili tu, mara zote mbili kwa matanga. Basi nataka kuwaeleza safari niliyoifanya pamoja na ndugu yangu mkubwa, safari ambayo hatukuipanga hata kidogo.

Ilianza sokoni, Jumamosi asubuhi, wakati wa baridi ya Juni. Tulikwenda soko la mtaa wa Kenya kununua kitoweo, mimi na Yaya. (Ndivyo tumwitavyo ndugu mkubwa huku kwetu, awe mume au mke.) Mama muuzaji alituonyesha samaki wa barafu ndani ya maboksi, wale watokao bahari ya Namibia. Yaya akamwuliza, "Mama, na wale wa kwetu wako wapi?" Mama akafunua beseni pembeni. Mlikuwa na pale wachache, wembamba, upana wa kiganja cha mtoto. Yaya alimshika mmoja mkononi muda mrefu, hata mama akadhani anataka kupunguziwa bei.

"Mdogo wangu," akaniambia, "motokaa yako ina mafuta?"

"Inayo, Yaya. Kwenda wapi?"

"Kasenga."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alivuka njia akaingia duka la jirani, akatoka na kijana amebeba gunia la chumvi, akaliweka nyuma ya motokaa. Sikumwuliza ni la nini. Yaya amenizidi miaka minane, na mambo mengine mtu hamwulizi mkubwa wake. Nikampigia mke wangu simu, naye akanena yale ambayo mke ye yote angenena. Saa sita mchana tulikuwa njiani, hatuna hata nguo ya kubadili.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga ni kilometa 200 hivi, kuelekea kaskazini mashariki. Zamani miti ilifika ukingoni mwa barabara. Sasa ukingoni kuna magunia ya makala, yamepangwa kama askari, na mwitu umerudi nyuma mbali. Malori yalitupita yakituachia vumbi. Jua lilikuwa linashuka tulipofika Kasomeno, ambako barabara ya Kilwa na Pweto huachana na ile ya Kasenga. Hapo ndipo serikali za Kongo na Zambia zilipokubaliana kuanzishia barabara mpya ya kwenda Mwenda ng'ambo ya Luapula, yenye daraja kubwa. Yaya alitazama njia ya Kilwa, akanyamaza, kisha akanionyesha mkono wa kuume. Usiku ulikuwa umeingia tulipopata nyumba ya wageni Kasenga.

Asubuhi tulikwenda Misa kama tulivyozoea utotoni. Nchi hii ya ziwa ilifanywa prefektura ya Lac Moero mwaka 1948, ikawa jimbo la Kilwa mwaka 1962, na tangu 1977 huitwa jimbo la Kilwa-Kasenga. Wimbo wa mwisho ulipokwisha tukashuka mtoni.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana vijana wa mjini hawajui Kasenga ilikuwa nini. Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wachimbaji walikuwa maelfu, na mwenye kuchimba hana budi kula. Nyama ilikuwa ghali. Ndipo Wagiriki walipofika Kasenga, wengi wao wakiwa wavuvi na wachuuzi waliotoka visiwani kwao, wakaleta mashua za mashine, wakajenga viwanda vya barafu, wakanunua malori. Wakati wa vita kuu ya pili biashara hiyo ilivimba, kwa sababu migodi ilitakiwa kutoa shaba nyingi kuliko zamani zote. Kila usiku malori yaliondoka Kasenga yamejaa samaki na barafu, yakimbizane na jua ili yafike mjini kabla samaki hawajaharibika.

Baba yetu alikuwa mvunja barafu wa Mgiriki mmoja. Kazi yake ilikuwa kupasua vipande vikubwa kwa nyundo na kuvitandaza, tabaka la barafu, tabaka la samaki, mpaka lori lijae. Vidole vyake viwili vilikufa ganzi kwa baridi, na hakuvipata tena. Sisi watoto tulichukua chembe za barafu zilizoanguka chini, tukazila kama sukari. Nadhani hapakuwa na watoto wengine nchi nzima walioona barafu kila siku na viatu wasivione kamwe.

Baba alitusimulia habari za samaki aitwaye mpumbu. Mvua zilipoanza na Luapula kufura, mpumbu walipanda kutoka ziwani kwenda kutaga mayai, nao walikuwa wengi, asema Baba, hata mtu aliye kitandani aliwasikia wakipita. Wavuvi wakauziba mto kwa nyavu. Walimchukua mama pamoja na mayai yake, na mayai yenyewe yakauzwa kwa kuwa matamu. Mwaka baada ya mwaka hivyo hivyo. Ilipofika 1950 au karibu yake, mpumbu hawakupanda tena kwa wingi ule. Mimi nilizaliwa 1955. Sijamwona hata mmoja akipanda.

Ukingoni tulimkuta mzee akishona wavu. Yaya akamsalimu kwa heshima, akamwuliza kama mpumbu wapo.

"Wapo, baba. Wawili, watatu, kama wageni waliopotea njia."

"Na pale?"

"Pale hukua wakati mtu amelala. Siku hizi hakuna alalaye." Akatuonyesha wavu wake. Matundu yake hayakupitisha hata kidole changu kidogo. "Najua mtakalosema," akaendelea. "Ng'ambo, Zambia, uvuvi hufungwa tangu Desemba hata mwisho wa Februari. Ni jambo jema. Lakini mjukuu wangu hafungi tumbo lake Desemba."

Sikuwa na jibu la kumpa. Tena nilikumbuka beseni la sokoni: ni sisi wa mjini tununuao samaki wa upana wa kiganja, na kama hatungewanunua, mzee yule asingelishona wavu wa namna ile.

Nyumba za Wagiriki nyingine zimesimama, nyingine zimebaki kuta. Mnamo Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wananchi, na wengi wa Wagiriki wakaenda zao. Mashine zikachakaa bila vipuri. Mwaka uliofuata Baba hakuwa na barafu ya kupasua, nami nikapanda lori kuja mjini, nikikaa juu ya magunia.

Nilidhani safari imekwisha hapo. Nilikwisha kuwasha motokaa, Yaya akasema, akitazama mbele, "Sasa twende Kilwa."

Wasomaji, sasa niseme neno ambalo nimelikwepa tangu mwanzo. Kilwa yupo mdogo wetu wa kike, wa mwisho kwa mama yetu, aliyeolewa na mvuvi wa huko. Tulikuwa hatujaonana naye tangu 2004.

Habari za mwaka ule zimeandikwa. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji wa Kilwa, karibu na mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi. Siku iliyofuata jeshi likaurudisha, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja watu wasiopungua 73 waliokufa, wengine wakiuawa bila kesi. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba serikali ilikuwa na hatia, ikaagiza wahanga na jamaa zao walipwe fidia. Watu wengi waliingia mitumbwini wakakimbilia visiwani na Zambia. Mpaka ulichorwa mwaka 1894 na Waingereza na watu wa mfalme Leopold, ukafuata maji ya Luapula. Lakini jamaa za watu wako pande zote mbili, na wakati wa hatari mtu huvuka kwenda kwa shangazi yake, si kwenda nchi ya kigeni. Hata Desemba 2000, Pweto ilipotekwa vitani, maelfu walivuka hivyo hivyo.

Dada yetu alivuka na mumewe na watoto wanne. Huko ng'ambo mume akashikwa na homa. Dada akatuandikia barua, akampa dereva wa lori, akituomba fedha za dawa. Barua ilifika mkononi mwa Yaya. Wakati ule Yaya alikuwa na kazi nzuri. Aliogopa, watu walisema kila aliyetoka Kilwa atahesabiwa kuwa mwasi, na kila amsaidiaye pia. Akaiweka barua sandukuni. Mimi nilijua, nami nilikuwa na mshahara, nikajificha nyuma yake nikisema kwamba mkubwa ndiye mwenye kuamua. Shemeji yetu alikufa kabla ya Krismasi.

Tulirudi mpaka Kasomeno, tukashika njia ya kaskazini. Ni mwendo mrefu, na njia ni mbovu kuliko ninavyoweza kueleza. Tulilala ndani ya motokaa kando ya kijiji, gunia la chumvi likitunyima nafasi. Jumatatu mchana tukaliona ziwa.

Mweru si ziwa la kina kirefu. Mahali penye kina kuliko pote hapafiki meta 30. Lakini ukubwa wake ni kilometa za mraba 5,000 na zaidi, na ukisimama Kilwa huoni mwisho wake upande wa kaskazini, ambako maji hutoka pale Pweto kwa jina la Luvua na kwenda kuungana na Lualaba. Mchangani walikuwa wameanika chisense, dagaa wa Mweru, wavuliwao usiku kwa taa. Siku za ujana wetu hakuna aliyewajali. Sasa ndio riziki ya pwani nzima. Pwani iling'aa kama bati jipya.

Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa akiwageuza kwa fagio. Nilimtambua kwa mgongo, maana ulikuwa mgongo wa mama yetu.

Yaya aliteremka. Hakuniruhusu kulibeba gunia. Akalivuta mwenyewe mchangani, mzee kama yule, akipumzika kila hatua tano. Ndipo nilipokumbuka amri ya Baba: mtu haendi ziwani mikono mitupu, humpelekea mkausha samaki chumvi. Dada aliinua uso. Aliwatazama wazee wawili waliojaa vumbi, akatutambua, akarudi kugeuza samaki wake.

Yaya akapiga magoti. Sikupata kuona mkubwa akimpigia mdogo magoti katika ukoo wetu, na watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso zao kwa aibu. "Mama," akasema, kwa maana dada yetu amechukua jina la mama aliyetuzaa, "barua yako ilifika."

"Nilijua ilifika," akajibu dada. "Dereva aliniambia aliikabidhi mkononi mwako."

Miaka yote ile alijua. Alimaliza kugeuza safu iliyobaki, polepole, samaki kwa samaki kama ilivyonijia machoni, kisha akaliendea gunia, akatoboa pembe yake kwa kidole, akaonja.

"Chisense hawatiwi chumvi, Yaya," akasema. "Hukaushwa na jua tu. Ninyi watu wa mjini mmesahau kila kitu."

Akawaita wajukuu zake walipeleke gunia nyumbani.

Jioni tulikula ugali na pale watatu wadogo, tukiwa watu tisa. Hapakuwa na maneno mengi. Dada alimwonyesha Yaya mahali ambapo paa huvuja, na Yaya akaahidi kulitengeneza asubuhi. Asubuhi nilimkuta juu ya ngazi na bati mkononi, akanipa salamu za kuwapelekea watoto wake, wala hakusema atarudi siku gani. Nilirudi Lubumbashi peke yangu na kikapu cha chisense.

Yaya yuko Kilwa hata leo. Juzi dereva mmoja aliniletea neno lake: paa limekwisha, sasa anajifunza kuvua usiku kwa taa, na dada anataka gunia jingine la chumvi, kwa ajili ya pale.