MBWA ANAYECHOKA NJIANI: MOYO WAKE NA UMEME WAKE

Leo tunazungumza hasa na ninyi wa Kasanda, na wenzenu wa Kibondo na Kasulu. Huko kwenu mbwa si pambo la nyumbani. Ndiye anayefukuza nyani na nguruwe mwitu shambani, na ndiye anayetangulia mkienda porini kurina asali. Sasa mbwa huyo akianza kukaa chini katikati ya njia huku anahema, wengi husema, "Ah, huyu kazeeka." Pengine si uzee. Pengine ni moyo.

Moyo ni pampu ya nyama yenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Nyama hiyo haijikazi ovyo. Huamshwa na umeme mdogo unaoanzia ndani ya moyo wenyewe. Chukua mfano wa mfereji wa bustani yako bondeni. Chanzo kiko juu, katika chumba cha juu cha kulia. Umeme hupita vyumba vya juu, halafu hufika kwenye lango katikati ya moyo. Pale hucheleweshwa kidogo, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Kisha hushika mifereji miwili, wa kulia na wa kushoto, na vyumba vya chini hukaza kwa pamoja.

Iko mashine inayoandika safari hiyo kwenye karatasi, nayo kazi yake huitwa elektrokadiogramu. Mbwa hulazwa ubavu wa kulia, vibanio vikawekwa miguuni. Mashine haimpigi mbwa umeme. Inapokea tu ule wa moyo wake. Jambo hili si geni kwa mbwa. Daktari Augustus Waller wa London, aliyeandika umeme wa moyo wa binadamu mwaka 1887, alikuwa akimwonyesha mbwa wake Jimmie mbele ya watu, miguu ikiwa ndani ya maji ya chumvi. Mwaka 1909 swali likaulizwa bungeni kwao, kama mbwa yule hateswi! Jibu likawa kwamba alisimama tu katika maji yenye chumvi kidogo.

Karatasi husomwaje? Kilima kidogo cha kwanza, kiitwacho P, ni vyumba vya juu. Mwiba mrefu, QRS, ni vyumba vya chini. Kilima cha mwisho, T, ni moyo kujiandaa kwa pigo lingine. Kwa mbwa mzima, tangu P ianze hadi mwiba uanze isizidi sehemu 13 za mia za sekunde. Upana wa mwiba wenyewe usizidi sehemu 6 za mia.

Haya, mfereji ukiharibika je? Lango likiwa zito, nafasi kati ya P na mwiba hurefuka. Likizidi kuharibika, P nyingine hutokea bila mwiba kuifuata: chanzo kimetoa maji, shamba halikupata. Likifunga kabisa, vyumba vya chini hujipigia vyenyewe, polepole mno, na mbwa huanguka na kuzimia. Mfereji wa upande mmoja ukiziba, umeme hupenya nyamani kama maji yanayojipenyeza kwenye udongo. Hufika, lakini umechelewa, na mwiba huwa mpana. Nyama yenyewe ikiumia, mapigo mapana huruka bila zamu yake, na mstari kati ya mwiba na T hupanda au kushuka. Maji yakijaa kuuzunguka moyo, miiba yote hufifia.

Lakini angalia: karatasi husema njia imeharibika wapi. Haisemi nani kaiharibu. Kwa upande wenu, mmoja wa kushukiwa ni vimelea vya malale vinavyoletwa na mbung'o. Mnajua wenyewe historia: katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya malale. Katika mbwa vimelea hivi havikai ndani ya damu tu. Huingia nyama ya moyo na kuifanya ivimbe. Mbwa hupata homa, hukonda, ufizi huwa mweupe, tezi na uso huvimba, macho huingia ukungu. Asipotibiwa anaweza kufa katika wiki chache.

Mashine huna, lakini mikono unayo. Mbwa akiwa ametulia, weka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, mkono wa pili ndani ya paja. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa mzima huwa kati ya 70 na 160. Mapigo kwenda haraka akivuta pumzi na kupungua akiitoa ni kawaida yake, usihofu. Lakini pigo likisikika kifuani bila kufika pajani, au likiwa polepole na mbwa anazimia, usimkimbize tena. Mpeleke kwa bwana mifugo apimwe damu.

Usimchome sindano ya nagana kwa kukisia dozi ya ng'ombe. Dawa hizo zikizidi huharibu ubongo wa mbwa. Wala usimpe nyama mbichi ya mnyama aliyekufa.

Tena usichelewe. Dawa huua vimelea, haifuti kovu, na kovu la moyo halipitishi umeme. Mbwa aliyetibiwa mwishoni anaweza kupona malale akabaki na moyo mbovu.

La mwisho ni lako wewe. Aina moja ya vimelea hivi huua watu, na kwa hadubini haitofautiki na ile ya wanyama. Mbwa wako akikutwa navyo, jua kwamba mbung'o wenye ugonjwa wako mnakopita. Mwenye homa, kichwa kuuma au kidonda alipoumwa na mbung'o, aende hospitali apimwe damu.