Mitihani ya Lugha (2): Dakika 35 za Ukimya Korea Kusini

Kila mwaka, Alhamisi moja ya mwezi Novemba, Korea Kusini husimamisha ndege. Kuanzia saa 7:05 mchana hadi saa 7:40 hakuna ndege inayoruhusiwa kuruka wala kutua popote nchini, isipokuwa kwa dharura. Zilizokwisha kuwa angani huzunguka huko huko juu, zaidi ya kilomita 3 kutoka ardhini, mpaka zipewe ruhusa. Asubuhi yake ofisi nyingi na soko la hisa huchelewa kufunguliwa kwa saa moja ili magari yapungue barabarani, na polisi huwapakia watahiniwa waliochelewa na kuwafikisha shuleni. Sababu ya yote hayo ni Suneung, mtihani wa kuingilia chuo kikuu ulioanza mwaka 1993. Dakika hizo 35 ni za sehemu moja tu ya mtihani huo: kusikiliza Kiingereza.

Vyombo vya habari vya nje hupenda kuisimulia habari hii kama kioja. Kwa mtu wa upimaji ni suala la haki. Anayesoma akikwama hurudi nyuma, akarudia sentensi, akapiga mstari chini ya neno linalomsumbua. Anayesikiliza hana nafasi hiyo. Sauti ikishapita imepita. Kwa kuwa maswali husikika kupitia vipaza sauti vya madarasani, mwanafunzi aliyeketi jirani na uwanja wa ndege wa Gimpo, jijini Seoul, angefanya mtihani mgumu kuliko mwenzake aliye milimani Gangwon, ingawa karatasi zao ni zile zile. Ngurumo ya injini haifai kumpunguzia mtu alama za Kiingereza. Vipaza sauti vikiharibika, utaratibu upo pia: shule husika huanza na kusoma, na kusikiliza kukafuata baadaye. Viziwi hupewa maswali ya maandishi badala ya sauti. Wasioona hupewa karatasi za nukta nundu na muda mrefu zaidi, kiasi kwamba siku yao ya mtihani huisha usiku.

Taifa linalojisumbua kiasi hicho kuondoa kelele za nje linastahili heshima. Swali la sehemu hii ya pili ni kama limeziondoa pia kelele zilizomo ndani ya maswali yenyewe.

Karatasi ya Kiingereza ina maswali 45 ya kujibiwa kwa dakika 70. Ya kwanza 17 ni ya kusikiliza, 28 yaliyobaki ni ya kusoma, na kila moja lina majibu matano ya kuchagua. Sehemu kubwa ya mazungumzo husikika mara moja tu. Rekodi ya mwisho, yenye maswali mawili, hurudiwa. Mtahiniwa husikia mwanamume na mwanamke wakipanga safari, wakielezana picha ambayo yeye anaiona kwenye karatasi, au wakizungumza kazini, kisha achague jibu ambalo mmoja wao angelitoa. Kuna na swali la bei, ambalo halikosekani: mtu ananunua tiketi mbili za watu wazima na moja ya mtoto, anapunguziwa asilimia 10, je, atalipa kiasi gani?

Swali la bei linafaa kutazamwa kwa makini. Ili kulijibu, mwanafunzi anapaswa kusikia tarakimu, kuzishika kichwani, kuzizidisha, kutoa punguzo, na kufanya yote hayo huku mazungumzo yakiendelea. Aliyesikia kila neno akakosea kuzidisha anapata sifuri sawasawa na ambaye hakusikia chochote. Gary Buck, ambaye kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu upimaji wa kusikiliza bado kinategemewa na watunga mitihani, anasisitiza kwamba kusikiliza hufanyika papo kwa hapo, kwa kasi ya msemaji. Ukiongeza juu yake mzigo wa kumbukumbu na hesabu, alama inayotoka inakuwa ya mambo matatu kwa pamoja, na hakuna atakayeweza kuyatenganisha.

Lipo na jambo jingine ambalo walimu wa Korea wanalijua vizuri. Kwa kuwa rekodi ni safi, wasemaji hawana haraka, na wengi wao huzungumza kwa lafudhi ya Kimarekani, watahiniwa wenye uwezo huiona sehemu hii kuwa nyepesi. Basi katika mapengo kati ya swali na swali hufunua kurasa za mbele na kuanza maswali ya kusoma: matangazo, grafu, kifungu kirefu cha mwisho. Nchi nzima imenyamaza ili wasikilize, nao wanasoma. Hawastahili kulaumiwa, maana kusikiliza hula karibu dakika 25, na zinazobaki 45 ni za vifungu vilivyojaa hoja nzito, chini ya dakika mbili kwa kila swali.

Vifungu hivyo ndivyo vilivyoupa mtihani sifa yake ya ukali. Vingi huchukuliwa kutoka vitabu vya kitaaluma vya saikolojia, falsafa, uchumi au sanaa, vikafupishwa hadi aya moja. Maswali yanayoogopwa zaidi ni ya kujaza pengo: sentensi inayobeba hoja ya aya yote imeondolewa kipande, na mtahiniwa achague kinachofaa kati ya vipande vitano. Mengine huchanganya mpangilio wa aya au humtaka mwanafunzi aseme sentensi fulani ilipaswa kukaa wapi. Kwa mtazamo wa kiufundi ni maswali mazuri, maana hayajibiki kwa kutafuta neno moja lililorudiwa. Tatizo huanza pale ambapo kifungu kinahitaji ujuzi ambao si wa lugha.

Mfano ulio wazi ulitokea Novemba 2014. Swali la 25 lilikuwa na grafu ya taarifa ambazo vijana wa Marekani huziweka wazi kwenye mitandao ya kijamii, mwaka 2006 ukilinganishwa na 2012. Waliotaja namba zao za simu za mkononi walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 20. Kauli mojawapo ilisema ongezeko hilo ni la asilimia 18, na watungaji wakaihesabu kuwa sahihi, kwa kuwa 20 ukitoa 2 unapata 18. Lakini kutoka 2 hadi 20 ni kufikia mara kumi ya ulipoanzia, yaani ongezeko la asilimia 900. Hiyo 18 ni tofauti ya pointi za asilimia. Wanafunzi waliojua hesabu zao sawasawa walichagua kauli hiyo kuwa ndiyo yenye kosa, na wakakosa jibu lililotarajiwa. Taasisi ya Mitaala na Tathmini ya Korea, KICE, ikalazimika kukubali majibu mawili. Swali jingine la biolojia nalo lilikuwa na kasoro, na mkuu wa taasisi akajiuzulu.

Miaka minane baadaye, Novemba 2022, kasoro ilikuwa ya aina nyingine. Kifungu cha swali la 23, kutoka kitabu cha mwanasheria wa Marekani Cass Sunstein, kilikuwa karibu sawa na kile kilichokuwa kwenye mtihani wa majaribio wa mwalimu maarufu wa tuisheni. Aliyelipia tuisheni hiyo alikuwa ameshakisoma. Mtoto wa mkulima aliyejisomea nyumbani alikiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa mmoja lilikuwa swali la kukumbuka, kwa mwingine la kusoma, ilhali alama zilijumlishwa kana kwamba wote wamefanya kitu kimoja. Juni 2023 serikali iliagiza maswali magumu kupita mtaala yaondolewe, yale ambayo Wakorea wenyewe huyaita maswali ya kuua.

Nia ya kuwasaidia wasio na fedha za tuisheni ilikuwepo muda mrefu. Kuanzia mtihani wa Novemba 2010, kiasi cha asilimia 70 ya maswali kilifungamanishwa na vitabu na vipindi vya EBS, shirika la utangazaji wa elimu la taifa, ambavyo ni vya bei nafuu au vya bure. Wazo lilikuwa jema, na bado linaweza kutetewa. Kilichofuata madarasani ni kwamba wanafunzi wengi walikariri tafsiri ya Kikorea ya kila kifungu cha EBS. Siku ya mtihani waliona maneno mawili matatu ya Kiingereza, wakakumbuka habari yote kwa Kikorea, wakajibu. Mwaka 1993 Charles Alderson na Dianne Wall waliuliza kwenye makala yao kama kweli mitihani hubadilisha ufundishaji, wakaonya kwamba athari hiyo haiji kwa njia nyepesi tunayoidhania. Hapa ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia: mtihani wa kusoma Kiingereza uligeuka somo la kukariri Kikorea. Uhusiano huo na EBS ulipunguzwa hadi asilimia 50 kuanzia mtihani wa Novemba 2021, na vifungu vya Kiingereza vikaacha kunakiliwa moja kwa moja.

Badiliko jingine kubwa lilikuja Novemba 2017, mwaka ambao mtihani wenyewe uliahirishwa kwa wiki nzima kwa sababu ya tetemeko la ardhi la Pohang. Tangu hapo daraja la kwanza la Kiingereza halitolewi kwa kulinganisha mwanafunzi na wenzake. Yeyote anayefikisha alama 90 kati ya 100 analipata. Lengo lilikuwa kupunguza ushindani. Ila kiwango cha aina hii kina maana pale tu ugumu wa karatasi unapokuwa ule ule mwaka hadi mwaka, na hilo halijawahi kupatikana. Katika mtihani wa mwaka 2020, uliosogezwa hadi Desemba kwa sababu ya korona, asilimia 12.66 ya watahiniwa walipata daraja la kwanza. Novemba 2025 walikuwa asilimia 3.11, kiwango cha chini kuliko chote tangu utaratibu huo uanze. Malalamiko yalikuwa makali, na Desemba mkuu wa KICE akajiuzulu.

Chanzo cha kuyumba huko kinaeleweka. Watungaji hufungiwa mahali pa siri kwa wiki kadhaa, bila simu wala intaneti, mpaka mtihani umalizike. Usiri huo unazuia kuvuja, lakini unazuia pia maswali kujaribiwa mapema kwa wanafunzi halisi, na bila majaribio mtungaji anakadiria ugumu kwa jicho lake la mtu mzima aliyebobea. Katika hali hiyo, kumwajibisha kiongozi mmoja hakurekebishi kitu.

Japani ilifuata njia tofauti kidogo. Ilipoanza kupima kusikiliza katika mtihani wake wa taifa wa kuingilia vyuo vikuu, Januari 2006, kila mtahiniwa alipewa kifaa kidogo cha kuchezea sauti na visikizio vyake, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusimamisha ndege. Mwaka wa kwanza vifaa vya mamia ya wanafunzi vilileta matatizo, nao wakarudia. Kusoma kulikuwa na alama 200 na kusikiliza 50. Mwaka 2021 mtihani mpya ulizisawazisha, 100 kwa 100, na ukaondoa maswali ya zamani yaliyomtaka mwanafunzi aonyeshe kwa kalamu mahali pa mkazo wa neno. Kulikuwa na mpango wa kutumia mitihani ya makampuni binafsi ili kuzungumza na kuandika vipimwe pia. Mwaka 2019 mpango huo ulizua hasira, hasa baada ya waziri wa elimu kusema kwamba kila mwanafunzi apambane kwa kadiri ya hali yake, kauli iliyosikika kama ya kumwambia maskini akubali umaskini wake. Mpango ukaahirishwa, hatimaye ukaachwa.

Maswali ya mkazo yaliyoondolewa Japani yangali hai Kenya. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alama 30 kati ya 60 ni za stadi za mazungumzo, na zote hujibiwa kwa maandishi. Mtahiniwa hutaja maneno yenye sauti inayofanana, huonyesha herufi isiyotamkwa, hukamilisha mazungumzo ya simu kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Hasikii wala hatamki chochote. Sababu ni za kweli: umeme, vifaa, gharama, idadi ya shule. Hata hivyo, mwenye sikio zuri na mwandiko mbaya hana pa kulionyesha sikio lake.

Tanzania hali ni nzito zaidi, kwa sababu Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Mtihani wa biolojia au jiografia wa kidato cha nne ni mtihani wa kusoma Kiingereza pia, hata kama haujaandikwa hivyo juu ya karatasi. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliwapima wanafunzi wa Tanzania kwa vifungu vyenye maneno yaliyoondolewa, wakakuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya waliokuwa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea kuanza kusoma masomo mengine kwa Kiingereza. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa lugha hiyo, walio wengi walikuwa hawajafika mahali pa kuanzia. Ripoti yao ilipendekeza Kiingereza kiendelee hata hivyo, na pendekezo hilo limebishaniwa tangu siku hiyo.

Wao walipima kusoma. Kusikiliza, ambako ndiko mwanafunzi wa Kitanzania anakofanya kwa saa nyingi zaidi kila siku, mwalimu akieleza ubaoni kwa Kiingereza, hakumo katika karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia anayeingia darasani Mtwara au Kigoma hana alama yoyote ya kumwambia ni wangapi kati ya wanafunzi wake wanaofuata anachosema. Kusikiliza huko kungeweza kupimwa bila kusimamisha ndege hata moja: dakika kumi za maelezo ya mwalimu kama yanavyotolewa darasani, yakarekodiwa, yakasikilizwa mara mbili, na maswali machache ya kuuliza nini kimeelezwa, yaliyojaribiwa kwanza kwenye shule kadhaa.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu insha na wanaozisahihisha.