Usalama Vyuoni Si Kazi ya Bawabu

Aprili 2, 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, mlipuko wa umeme ulizuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, wakidhani wamevamiwa, waliruka kutoka orofani, mmoja akafa. Novemba, zoezi la usalama Strathmore lilizua hofu iyo hiyo, mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Tusimlaumu bawabu. Baraza la chuo ndilo liidhinishalo bajeti. Ndilo lipaswalo kuuliza kila kikao: hatari zipi zatukabili, nani amekabidhiwa kila moja, na ufunguo wa mlango wa dharura hulala wapi? (Majengo mapya hayakosi wa kuyajadili.) Viongozi wa wanafunzi na waidai orodha hiyo.